Shukrani kwa aliyenirudishia usingizi

Dada mtaalamu wa fiziotherapia, jina lako silitaji, ila naamini utajijua. Kwa miezi kadhaa, kila nikijigeuza kitandani niliamka na machozi. Maumivu yalikaa upande mmoja, chini ya kiuno, na kila mtu aliniambia ni pingili za mgongo. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba nioneshe kwa kidole panapouma. Ukanilaza, ukaibana nyonga huku na kule, kisha ukanieleza taratibu kwamba shida iko pale mwisho wa uti wa mgongo unapokutana na mfupa wa nyonga: kiungo kinachosogea kidogo mno, lakini uzito wa kiwiliwili hupitia hapo kwenda miguuni.

Hukuniahidi miujiza. Uliniambia nilale na mto katikati ya magoti, nifanye zoezi la kulala chali na kuinua makalio, na nivae suruali nikiwa nimekaa (hilo peke yake lilinipunguzia mateso mengi!). Nilipokata tamaa wiki ya tatu, ulipunguza mazoezi wala hukunigombeza.

Jana nimepanda ngazi nimembeba mwanangu. Asante sana, dada yangu. Mungu akuzidishie.