Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuchora theluji

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kujua kwamba bado unachora. Umeniomba kopo la rangi nyeupe kwa sababu unataka kuchora theluji, kitu ambacho hujawahi kukikanyaga. Kabla sijalinunua, naomba uutazame kwa utulivu mchoro mmoja wa rangi za maji ambao mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner aliuonyesha London mwaka 1829, na ambao leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum.

Mwezi Januari mwaka huo Turner, akiwa na umri wa miaka 53, alikuwa akirejea kwao kutoka Roma pale gari la abiria, lililokokotwa na farasi, lilipokwama kwenye theluji katika mlima wa Tarare nchini Ufaransa. Alimwandikia rafiki yake Charles Eastlake kwamba walikaa nje kwa muda wa saa tatu wakiota moto huku gari likifukuliwa, na kwamba usiku uleule walishushwa tena, wakatembea katika theluji iliyowafika magotini. Huo ndio usiku aliouchora. Abiria wamejikusanya penye moto, na mtu aliyeketi mbele akiwa ametugeuzia mgongo, mwenye kofia ndefu, huaminika kuwa ni Turner mwenyewe.

Sasa itazame theluji. Anayechora kwa rangi za maji huwa tayari anao weupe, nao ni karatasi yake; hupitisha rangi nyepesi juu yake, na panapohitaji mwanga mkali huacha pasiguswe. Turner hakuifanya kanuni hiyo kuwa sheria, kwani katika mchoro huu alitumia pia rangi nzito zisizopitisha mwanga. Hata hivyo, theluji ya usiku si nyeupe kama chokaa ukutani: iliyo karibu na moto huchukua rangi ya moto, na iliyo mbali huingia katika buluu na kijivu. Kwangu mimi, baridi ya mchoro huu inatoka kwenye ule moto, kwa kuwa kila mtu ameusogelea.

Kopo nitakuletea nikija likizo. Kwa sasa chukua karatasi moja, uchore kwanza moto na watu wake, kisha uniletee nione umeacha wapi pakiwa patupu.

Mjomba wako akupendaye.