Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliotoka Tengeru alfajiri. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitasema tu kwamba deni la ukumbi limekwisha, na kwamba miwani yetu ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mvaaji ulimwengu wa kuigiza wa kompyuta, imebaki moja. Ya pili iliachwa dirishani mchana, jua likapenya kwenye lenzi likaunguza kioo cha ndani. Nawasihi: ikiisha kutumika irudi kwenye begi, lenzi zikiwa zimefunikwa, na mtu asiifute kwa kanga.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni ile ya soko la Mbuyuni. Mwenzetu anayesomea shahada ya uzamivu aliwaomba wafanyabiashara wavae miwani na kutembea ndani ya ghala la kuigiza, nami nilikwenda kumsaidia. Mama mmoja muuza ndizi alihangaika kwanza na mkanda, maana haukukaa juu ya kilemba. Tukaulegeza mpaka mwisho, lakini lenzi zikawa zinateleza na picha inafanya ukungu. Dakika chache tu akaivua, akashika meza. Mwanafunzi wetu akaanza kumsomea dodoso la kupima dalili za kuchafukwa: unahisi kizunguzungu macho yakiwa wazi? Na ukiyafumba? Mama akamkatiza: "Siyo hivyo mwanangu. Hiki ni kichefuchefu cha gari linalopanda Lushoto, nami nimekaa siti ya nyuma."

Alilenga penyewe. Kwenye kona za Lushoto mwili unayumbishwa huku macho yakitazama mgongo wa siti uliotulia. Ndani ya miwani macho yanaona unakwenda, sikio la ndani, linalohisi mwendo, linasema umesimama. Ni mgongano uleule, umegeuzwa tu. Picha ikichelewa kufuata kichwa, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, hali huzidi.

Dodoso lile lilitungwa na mtafiti Kennedy na wenzake, likachapishwa mwaka 1993. Lina dalili 16, na msingi wake ni takwimu za marubani wa jeshi la majini la Marekani waliokuwa wakifanya mazoezi kwenye mashine za kuigiza urukaji. Ni chombo kizuri, nami nimekitumia miaka mingi. Ila dalili zake tatu zinazotofautishwa kwa Kiingereza, sisi tukizileta kwa Kiswahili zote zinaangukia neno kizunguzungu. Mtu anajibu ndiyo mara tatu kwa jambo moja, alama zake zinapanda, nasi tunaandika kwenye tasnifu kwamba ameathirika sana. Nimekwisha kuandika hivyo mimi mwenyewe, na linaniuma.

Vijana wananiuliza kama fani hii ya uhalisia pepe inaweza kumfikisha mtu kwenye uprofesa. Tangu mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland avalishe watu kifaa chake cha kichwani mwaka 1968, kile kizito kilichoning'inizwa darini, mashine zimekuwa nyepesi mno, na kila toleo jipya linafanya makala za mwaka juzi zionekane kuukuu. Ukijenga maisha yako ya kitaaluma juu ya kifaa, utakikimbiza mpaka ustaafu. Jenga juu ya mtumiaji: kilemba chake, rasta zake, maneno anayotumia kueleza tumbo likichafuka. Hayo hayachakai.

Najua yana gharama. Mwenzetu huyo alipeleka makala kuhusu dodoso la Kiswahili kwenye jarida moja la nje, ikarudishwa na neno moja: tafsiri. Alikaa wiki mbili bila kufungua kompyuta. Nasema mbele yenu nyote kwamba ile ni sayansi, tena ngumu, kwa sababu kila neno lazima lipimwe kwa watu na si kwa kamusi. Kamati imekubali iwe kazi kuu ya chama mwaka ujao.

Rasimu ya dalili zote 16 mmewekewa mezani. Kila mmoja aondoke na nakala, amsomee kwa sauti mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kuvaa miwani hii, kisha aandike pembeni maneno aliyosahihishwa. Nakala zirudi kwa katibu kabla ya kikao kijacho.