Notisi si kibali: tufungulieni daftari la OCS

Mhariri,

Kila maandamano yakitangazwa jijini Nairobi, hakosi afisa wa kujitokeza na kusema waandaaji hawana kibali. Kibali hicho hakimo katika sheria anayodai kuilinda. Zamani ulikuwa ukiomba leseni kwa mkuu wa wilaya, naye akipenda anakunyima. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1997, wakati wa mageuzi ya IPPG, yaani kundi la wabunge wa chama tawala na wa upinzani, Sheria ya Utulivu wa Umma (Sura ya 56) iliporekebishwa. Tangu hapo raia hujulisha polisi, haombi ruhusa. Miaka karibu thelathini imepita na bado kuna vituo ambako mwanaharakati akifika kaunta huulizwa, "Nani amewapa ruhusa?"

Kifungu cha 5 kiko wazi. Notisi humfikia mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS wa eneo husika, ikiwa imebaki si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14. Inataja majina kamili ya mwandaaji na mahali anakopatikana, tarehe, saa, ambayo lazima iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kisha uwanja, au njia kama ni maandamano. Basi. OCS akisema siku hiyo haiwezekani, sababu yake ni moja: kuna mwingine aliyetangulia kutoa notisi ya mahali hapo, siku hiyo, saa hiyo. Na hata hapo anatakiwa aandike, barua imfikie mwandaaji. Siku yenyewe, afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu anaweza kuusimamisha mkutano ambao haukutolewa notisi, au ulio na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunja amani. Hofu kwamba wasemaji watasema yasiyopendeza si hatari ya namna hiyo.

Mambo huharibikia kaunta. Barua inapokelewa, inasomwa, anayeileta anaambiwa amsubiri OCS, na OCS yuko mkutanoni. Jioni inafika, nakala haijarudi na muhuri. Siku ya maandamano inatangazwa kwamba polisi hawakupata notisi yoyote, na vitoa machozi vinaanza kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hupeleka nakala tatu, wakiwa wawili, na hawaondoki bila muhuri wa tarehe, jina na namba ya huduma ya aliyepokea, pamoja na nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo. Muhuri ukikataliwa, nakala hutumwa kwa posta ya rejista au barua pepe siku hiyohiyo, na saa ya kukataliwa inaandikwa. Wasisubiri hadi zibaki siku tatu tu: notisi ya Ijumaa jioni kwa maandamano ya Jumatatu inampa OCS kisingizio cha bure. Siku sita au saba ni salama zaidi.

Njia nayo itajwe barabara kwa barabara. "Jeevanjee hadi Bungeni" haitoshi. Andika Moi Avenue, kisha Harambee Avenue, kisha Parliament Road, na mahali pa kutawanyikia. Maandamano yakianzia Kamukunji, yatavuka eneo la zaidi ya kituo kimoja, kwa hiyo kila OCS apate nakala yake. La sivyo mmoja atasema mlimjulisha mwenzake, si yeye.

Sasa geukia upande wa pili wa siasa. Sheria hiyohiyo haidai notisi kwa mikutano ya kidini, kijamii, kitamaduni, ya hisani, burudani, kitaaluma na biashara, lakini kwa sharti kwamba imeitishwa kwa shughuli hiyo pekee. Neno "pekee" ndilo linalosahaulika. Hafla ya "uwezeshaji" ambako pikipiki na matangi ya maji hugawiwa kwa nusu saa, kisha wanasiasa wakahutubia saa tatu wakiwatukana wapinzani wao, si hafla ya hisani pekee. Mheshimiwa anayechomoza kwenye paa la gari katikati ya soko, msafara ukifunga njia na mama mboga akisogeza karai lake lisikanyagwe, amefanya mkutano wa hadhara. Notisi ya mkutano huo iko wapi? Nani amewahi kumshtaki kwa kutoitoa? Sisemi naye arushiwe vitoa machozi. Nasema kipimo kiwe kimoja: ama wote waulizwe notisi, ama wote waachwe wazungumze kwa amani.

Tofauti hiyo ilionekana mchana kweupe tarehe 17 Juni 2025. Katikati ya jiji kundi la wanaume, wengi wakiwa juu ya pikipiki, wakiwa na rungu na mijeledi, waliwashambulia waandamanaji huku polisi wakiwa karibu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinamlinda anayekusanyika kwa amani na bila silaha. Siku hiyo wasio na silaha ndio waliotawanywa, na mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi kichwani kwa karibu. Alifariki karibu wiki mbili baadaye. Hakuna tafsiri ya sheria ya utulivu inayomruhusu mwenye rungu apite na kumfukuza mwenye bango.

Wanaoshangilia upendeleo huu leo wakumbuke Oktoba 2020. Polisi walirusha vitoa machozi Nyamira kuzuia mkutano wa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, aliyekuja kuwa Rais, na wafuasi wake wakalalamika, kwa haki kabisa, kwamba sheria inatumiwa kuwabagua. Sheria haikubadilika tangu siku hiyo. Aliyeshika fimbo ndiye aliyebadilika.

Upendeleo mkubwa kuliko wote hujificha katika hati ya mashtaka. Kwa Kanuni ya Adhabu, mkusanyiko haramu huhitaji watu watatu au zaidi, na adhabu yake haizidi kifungo cha mwaka mmoja. Ndilo kosa ambalo kwa kawaida mtu angetarajia likitokea fujo barabarani. Lakini baada ya maandamano ya Juni 2025 vijana walifikishwa katika mahakama ya Kahawa, inayosikiliza kesi za ugaidi, chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Mashtaka ya aina hiyo yanabadili kila kitu: wapelelezi wanaomba siku zaidi za kumzuilia mshukiwa, masharti ya dhamana yanakuwa mazito, na jamaa wanasafiri kila kesi inapotajwa. Kisha, miezi kadhaa baadaye, upande wa mashtaka unaweza kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Mshtakiwa anaachiliwa, lakini hajasafishwa, maana anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Hajahukumiwa na adhabu ameshaimaliza: nauli, kazi iliyopotea, mawakili, usiku wa seli. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anabanwa na kifungu cha 157(11) cha Katiba azingatie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya sheria. Jiwe lililorushwa lishtakiwe kama jiwe.

Na hesabu ya saa 24 ina tundu lake. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, husubiriwa siku ya kazi inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa alasiri hukaa hadi Jumatatu. Wanaharakati kadha wa kadha wameijua Ijumaa hiyo. Dhamana ya polisi ipo kuziba tundu hili, na mkuu wa kituo anaweza kuitoa Ijumaa hiyohiyo usiku.

Katika hali hii ndipo 2025 ukaletwa Bungeni mswada wa Mwakilishi wa Kike wa Nairobi, Esther Passaris, unaozuia mikusanyiko ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa. Chukua ramani ya katikati ya jiji, weka bikari kwenye Bunge, kisha Mahakama ya Juu kwenye City Hall Way. Miduara hiyo inameza barabara zilezile ambazo raia hupitia kupeleka malalamiko kwa wabunge, haki ambayo kifungu cha 37 kinaitaja waziwazi. Na nani atapimwa hizo mita? Umati unaoletwa kwa mabasi kumshangilia mkubwa utaitwa mapokezi. Ukiongeza adhabu juu ya sheria inayotumika kwa upendeleo, unaongeza upendeleo.

Kipimo cha kuanzia tayari kipo, nacho hakihitaji mswada. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinamtaka OCS aweke daftari la umma la notisi zote anazopokea. La umma, si la kufungiwa kabatini. Inspekta Jenerali wa Polisi aagize kurasa zake zibandikwe kila wiki kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo cha Nairobi, kukiwa na safu nne: aliyetoa notisi, mahali na saa, jibu la OCS, na mkutano ulimalizikaje. Kando yake ziorodheshwe hafla za wanasiasa zilizofanyika eneo hilo bila notisi. Wiki nne tu zitatosha kuonyesha nani anaulizwa na nani haulizwi.

Wakati tukisubiri agizo hilo, raia yeyote anaweza kuandika kwa kituo chake akiomba nakala ya daftari, kwa kutaja kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ataje tarehe anazozitaka, kwa mfano Juni na Julai 2025, asiombe "taarifa zote". Kituo kina siku 21 za kujibu. Kikikataa, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman) ndani ya siku 30, yakiambatanishwa na nakala ya ombi yenye muhuri wa kituo.

Wakili,
Nairobi