Jino moja la mbele na sponji ngumu

Matamba, Makete
9 Mei

Ndugu yangu Asajile,

Habari za Mbeya? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Baridi imeshaanza kuuma, viazi vimetoka vizuri, bei ndiyo hivyo tena. Juzi simu ilikatika ukiwa katikati ya kulalamika. Nikasubiri mtandao urudi, wapi! Nikaona bora nikae niandike, maana uliyoniuliza hayajibiki kwa dakika mbili.

Uliniambia mambo mawili: makalio yanawaka moto kabla hujafika Igurusi, na pikipiki inakufa kwenye kona za Hamsini na Saba. Ukamalizia kwamba unafikiria kuiuza uchukue ya 250. Ngoja kwanza. Pikipiki yako na yangu, Yamaha XTZ 125, ni mapacha, na hayo yote yalinipata kabla yako. Mimi niliyamaliza kwa sproketi moja, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, na kipande cha sponji, ila nilianza kwa kuyakosea yote mawili.

Nianze na mlima. Ukitoka Chimala kuja kwetu unaujua mwenyewe: kona 57, kila moja imejikunja kama bawaba ya mlango, na mawe yamelegea katikati. Injini yetu haifiki hata cc 125 kamili, na ina kabureta isiyojirekebisha yenyewe, kwa hiyo kadiri unavyopanda na hewa kupungua ndivyo nguvu inavyokwisha. Kule Kitulo juu ni zaidi ya meta 2,600. Kwa lami ya kwenda Mbeya gia zilikuwa zinatosha, ila kwenye kona gia namba moja ilikuwa na mbio kuliko mwendo ninaoutaka. Nikipunguza resi inazima, nikiongeza narukia korongoni. Nikawa naishi kwenye klachi, nusu nimeshika nusu nimeachia, mpaka siku moja kwenye kona ya thelathini na kitu nikasikia harufu ya kuungua nikadhani mtu anachoma shamba. Kumbe ni mimi. Sahani za klachi zilinigharimu kuliko sproketi tatu.

Nilihesabu meno ya yangu: mbele 14, nyuma 48. Hesabu na wewe ya kwako usije ukaniamini bure, maana pikipiki ya mkononi huwezi jua nani aliigusa kabla yako. 48 gawanya kwa 14 ni 3.43, yaani sproketi ya mbele inazunguka mara tatu na ushee ndipo tairi lizunguke mara moja. Nikaweka ya meno 13, ikawa 3.69. Nguvu ya kuvuta iliongezeka karibu asilimia 8. Huwezi kuiona kwa macho, ila kwenye kona ya kwanza tu utaisikia mwilini: unaachia klachi yote, injini inatembea taratibu bila kukohoa, mikono yako inabaki na kazi ya usukani peke yake. Na kushuka ndiyo raha zaidi. Gia inaishikilia pikipiki, breki ya nyuma haichemki hata ukiwa na gunia la mbegu.

Watu watakuambia ubadilishe ya nyuma. Kuondoa jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza manne nyuma. Ya nyuma ni kubwa, ina bei, na ukiongeza meno manne cheni inakuwa fupi. Ya mbele ni ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na kwenye yangu inashikwa na kibati chenye boliti mbili tu. Ekseli ya nyuma inarudi nyuma kama milimita tatu, basi. Ubaya wake nao upo: cheni inajikunja zaidi kwenye duara dogo, kwa hiyo inalika mapema, na inakaa karibu na ule mkono wa nyuma unaoshika tairi, basi kagua kile kiplastiki cha kuukinga. Zaidi ya hapo usishuke. Na usivalishe sproketi mpya cheni iliyochoka, utakula hasara mbili.

Cheni yetu ni 428, kama za bodaboda nyingi, kwa hiyo hutaikosa kwenye duka la spea. Sproketi lakini usinunue kwa macho. Beba ile ya zamani, ipachike juu ya mpya, linganisha tundu la katikati na meno yake ya ndani. Ukiambiwa "zote zinaingia", ondoka.

Hapa nikupe na kisa cha fundi, jina lake nalificha. Alinifungia ile 13 vizuri, halafu akakaza cheni kama anavyokaza za bodaboda, imenyooka kama kamba ya kuanikia. Nikamwona mtu makini. Tatizo ni kwamba shokapu za hizi zetu zinabonyea sana, na zikibonyea cheni inazidi kukaza. Nilipopakia magunia nikapita kwenye mashimo, ikaanza kulia kama mbwa mdogo, na baada ya wiki mbili sili ya nyuma ya sproketi ya mbele ikaanza kuvuja oili. Fanya hivi: waombe watu wawili wazito wakalie pikipiki mpaka ekseli ya nyuma, ile bawaba ya mkono wa nyuma na sproketi ya mbele zikae kwenye mstari mmoja. Hapo cheni ndiyo imekaza kuliko mahali pote, na hapo bado inatakiwa icheze kidogo kwa kidole. Wakishuka itaonekana imelegea mno. Iache hivyohivyo, fundi akicheka mwache acheke.

Sasa siti. Hii ndiyo iliyonitesa zaidi.

Baada ya kufunga 13 nilifurahi hadi siku nilipoteremka kwenda Mbeya. Kwenye lami mlio wa injini uliokuwa unanipa 80 ukawa unanipa 74, na kwa kuwa spidomita yangu inachukua tairi la mbele, haidanganyi. Mimi nikataka 80 yangu ileile huku malori ya Tunduma yananipumulia mgongoni. Injini ikapiga kelele, mtetemo ukapanda kwenye siti, na nilipofika Uyole nilishuka nikasimama kama mzee wa miaka tisini. Hapo ndipo nilipojua kwamba hayo mambo yako mawili ni jambo moja. Gia ya mlimani inaleta ganzi ya lami.

Nikakimbilia kwa fundi sofa. Nikamwambia aongeze sponji laini, inchi tatu, nijisikie. Siku ya kwanza nilikuwa mfalme. Siku ya pili nilijua kwamba sponji laini ni uongo: inabonyea yote, na mifupa miwili ya kukalia inagonga plastiki ya chini kama zamani. Tena siti imepanda juu, na hizi pikipiki ni ndefu tangu mwanzo. Kwenye kona nikashusha mguu, ardhi ikawa mbali, tukalala chini wote wawili, mimi na gunia. Juu ya hayo alikuwa ameiinamisha kwenda mbele, kila nikishika breki nateleza mpaka kwenye tanki. Maumivu hayo wewe ni mwanamume, sina haja ya kuyaandika.

Siti inayofaa ni ngumu kuliko unavyodhani, na upana wake ni muhimu kuliko unene. Mahali unapokaa kwenye safari ndefu panatakiwa pawe papana, ile mifupa miwili ikae juu ya sponji yote na siyo kwenye kingo. Mbele, karibu na tanki, iwe nyembamba ili miguu ifike chini. Tafuta ile sponji ya vipande vilivyogandamizwa, yenye rangi mchanganyiko, wauza magodoro wanayo. Ikanyage kwa goti kwa uzito wako wote. Ukihisi sakafu, siyo hiyo. Mimi nilikata sponji ya zamani sehemu ya kukalia, nikaweka hiyo ngumu inchi moja na nusu, juu yake kipande chembamba cha laini kwa ajili ya heshima tu. Nikaichonga kwa kisu cha mkate, nikalainisha kwa msasa. Kabla ya kushona kava nilikaa juu yake nusu saa nzima, pikipiki imesimama uani, watoto wananishangaa. Palipouma nikachonga tena.

Mwambie fundi asipitishe mshono juu unapokalia. Wangu alipitisha katikati kabisa, eti urembo, na maji ya mvua yakaingia kwa tundu za sindano. Sponji ikawa inakunywa usiku na kunilowesha asubuhi, na unajua asubuhi za huku. Sasa chini ya kava nimeweka nailoni nzima. Kiangazi natandika juu ngozi ya kondoo iliyotengenezwa vizuri, manyoya yanapitisha hewa, hakuna jasho. Ikinyesha naivua haraka, maana ikilowa ni afadhali kukalia jiwe.

Na simama, kaka. Kwenye vumbi na mashimo simama juu ya pedeli, hata dakika mbili kila baada ya muda. Hiyo haina gharama.

Kuhusu ile ganzi ya lami, mimi natembea na sproketi zote mbili. Nikiwa na safari ya Mbeya, nikifika Chimala nasimama kwenye kibanda cha chai, natoa 13, naweka 14, nasogeza tairi milimita tatu, na chai inakuwa bado ya moto. Nikirudi, hivyohivyo kinyume chake.

Nina 13 moja ya akiba. Nitampa dereva wa fuso la viazi linaloshuka Alhamisi, ikiwa imefungwa ndani ya gazeti pamoja na kipande cha ile sponji ukishike mwenyewe. Msubiri pale Uyole, na usimpe hela, nimeshamalizana naye. Hesabu meno ya yako kabla hujafungua chochote, kisha unipigie jioni, mtandao huwa unarudi baada ya saa mbili.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Sanga