Mgonjwa wa sukari akishapata mshtuko wa moyo, msimwangalie sukari peke yake

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni na kila nikikaa kwenye benchi la kliniki nakuta wenzangu wana stori ileile.

Baba yangu ana sukari mwaka wa 17 huu. Mwaka jana asubuhi amekaa zake barazani akaanza kutoka jasho mpaka shati likaloa, anahema, ukimuuliza anasema kachoka tu, kifua hakimuumi hata kidogo. Tukajua sukari imeshuka, mama akampa soda. Kuja kumpima kidole inasoma 14, yaani imepanda, ndo kukimbizana hospitali, kumbe ni mshtuko wa moyo. Daktari akatuelewesha kwamba sukari ya miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kupata mshtuko asisikie yale maumivu ya kifua yanayojulikana. Jamani hili kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari ilijue.

Sasa kilichonifanya niandike ni yaliyofuata. Katoka wodini na mfuko wa dawa, aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, atorvastatini ya 40 ya kushusha mafuta, za presha, na metformini yake ya sukari ya siku zote. Na madaftari mawili, la kliniki ya moyo na la kliniki ya sukari, siku tofauti, majengo tofauti. Baada ya miezi mitatu kule kwenye sukari wakaangalia majibu wakamwambia mzee kolestro yako iko vizuri, hii dawa ya mafuta unaweza kuiacha. Iko vizuri kwa sababu anaimeza! Baba akaacha, akafurahi kidonge kimepungua, na sisi tukafurahi naye, hakuna aliyefungua lile daftari la pili. Kurudi kwa daktari wa moyo LDL, yale mafuta mabaya, imefika 3.6, na kwa mtu aliyeshapata mshtuko wanataka iwe chini ya 1.4. Presha siku hiyo ilikuwa juu, 158 kwa 94, ila sukari nzuri kabisa, 6.8.

Hiyo 6.8 nayo nikaja kugundua kwamba usiku wa kuamkia kliniki mzee halagi, anataka asomeke vizuri asigombezwe. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu ndo hakidanganyiki, kikaja asilimia 8.9, yaani iko juu. Na nyumbani sisi ndo tulimfikisha hapo, tunampigia kelele kwa chapati moja halafu mashine ya presha iko kabatini betri imekufa.

Kuna utafiti wa Denmark unaitwa Steno-2, wagonjwa 160 wa sukari ambao figo zilishaanza kuvujisha protini, nusu yao wakabanwa kila kitu kwa pamoja, sukari, presha, mafuta, chakula, mazoezi, sigara. Baada ya karibu miaka 8 matatizo ya moyo na mishipa kwa hao yalikuwa kama nusu ya wenzao. Halafu kuna ule wa Marekani na Canada, ACCORD, walijaribu kuishusha sukari kwa nguvu mpaka usawa wa mtu asiyeumwa, mwaka 2008 wakasimamisha upande huo maana waliobanwa sana walikuwa wanakufa zaidi. Kwa hiyo mzee kulala njaa ili namba ipendeze, akiwa na dawa za kushusha sukari na moyo wenye kovu, inaweza kuwa hatari.

Ninachoomba kwa wanaosimamia hizi kliniki, huyu mgonjwa apewe daftari moja, sukari, presha, mafuta na figo viandikwe ukurasa mmoja, na kabla mtu hajamwondolea kidonge aulize kwanza nani alikianzisha na kwa nini. Hata kama majengo ni mawili, simu zipo.

Sisi kwa sasa tumebandika karatasi mlangoni mwa friji, mdogo wangu anaandika presha asubuhi na jioni, betri tumenunua. Baba karudi kwenye atorvastatini, safari hii ya 80, na usiku wa kuamkia kliniki anakula ugali wake na mchicha kama siku nyingine. LDL ya juzi ni 1.9, bado, daktari kamwongezea ezetimibi, dawa nyingine ya mafuta, na kasema tupime tena baada ya wiki sita.

Binti wa mgonjwa,
Mbagala, Dar es Salaam