Yah: Malalamiko kuhusu bastola iliyofyatuka yenyewe baada ya kudondoka

Kahama, Shinyanga
18 Agosti 2025

Meneja,
Duka la Silaha na Risasi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Novemba 2023 nilinunua dukani kwenu bastola ya milimita 9, mfuko wake wa kiunoni na boksi mbili za risasi. Jina langu, namba ya leseni na namba ya bastola mnavyo kwenye daftari lenu, kwa hiyo sivirudii hapa. Hii ni barua yangu ya pili. Ile ya kwanza mliijibu tarehe 9 Julai kwa sentensi nne, na mojawapo inasema tukio "limesababishwa na uzembe wa mtumiaji". Hakuna mtu wenu aliyekuja kuiona bastola. Hakuna hata aliyenipigia simu kuuliza ilidondokaje. Safari hii naomba msome mpaka mwisho.

Jumamosi ya tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa ghalani kwangu napokea mpunga. Ni msimu, wakulima wamepanga foleni hadi nje, na fedha za kuwalipa ziko kwenye mkoba. Bastola niliinunua kwa sababu hiyo, maana mwaka 2022 nilivamiwa palepale nikaporwa. Niliinama kusoma mzani. Kibanio cha mfuko kikaachia mkanda, bastola ikachomoka na kuanguka kwenye sakafu ya sementi kutoka usawa wa kiuno changu. Mkono mmoja ulikuwa na kalamu, mwingine na daftari. Ikalia.

Risasi ilitoboa gunia, ikaingia kwenye shavu la mguu wa kushoto wa kijana wangu wa kupakia na kutokea upande wa pili. Mpunga ukawa unachuruzika kwenye tundu la gunia kama maji ya bomba, naye amekaa chini, kashika mguu kwa mikono yote miwili, ananiuliza, "Mama, ni nini?" Alikuwa hajajua kama amepigwa risasi. Nilivua kanga nikamfunga. Bajaji ikatukimbiza hospitali, huku mwenzetu mmoja akienda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi kutibiwa. Kijana ana miaka 22 na mtoto wa miezi saba. Tunamshukuru Mungu mfupa haukuguswa, lakini mpaka leo hawezi kubeba gunia, na kubeba magunia ndiyo kazi aliyokuwa anaishi nayo.

Sitaficha jambo: risasi ilikuwa chemba, yaani imeshaingia nyuma ya mtutu, tayari kulia. Nilikuwa natembea nayo hivyo kila siku ya kazi, na nitawaambia ni kwa nini. Siku niliyonunua, kijana wenu wa kaunta aliniambia jambazi hasubiri ukoki, yaani uivute bastola ili risasi iingie chemba. Akasema bastola hii haina sefti ya kusukuma kwa kidole gumba kwa sababu haiihitaji, ina sefti tatu ndani, na kama kidole hakijagusa triga haitoki. Nilimwuliza mara mbili, "Hata ikidondoka?" Akajibu, "Hata ikidondoka, mama." Kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi kinasema maneno hayohayo. Ni kweli kurasa chache mbele kinaonya kwamba usitembee na risasi chemba, na barua yenu imenukuu onyo hilo tu. Ukurasa wa sifa ndio mlioutumia kuniuzia, ukurasa wa onyo ndio mnaoutumia kunikana.

Sasa niwaeleze alichokiona askari wa upelelezi alipoiokota, kwa sababu nilikuwa nimesimama pembeni yake. Ganda la risasi lilikuwa limekwama kwenye dirisha la kutolea maganda, nusu ndani, nusu nje. Na kisigino cha bastola, kule nyuma ya slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapolia), kilikuwa na mkwaruzo mpya wenye vumbi jeupe la sementi. Vyote viwili vilipigwa picha. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa hapa, mstaafu wa jeshi aliyefanya kazi ya ufundi silaha kwa miaka mingi, nikamsimulia. Swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo la ganda. Akanieleza kwamba bastola ya namna hii hutegemea mkono ulioishika imara ili slaidi irudi nyuma sawasawa na kulitupa ganda nje. Isiposhikwa, mara nyingi ganda hukwama. Kama ningekuwa nimeishika na kuvuta triga kwa uzembe, kama mnavyodai, kuna uwezekano mkubwa ganda lingeruka na risasi nyingine ingeingia chemba.

Kisha akanieleza inavyowezekana. Bastola hii haina nyundo ya nje. Pini inayopiga fataki, ile ya kwenye kitako cha risasi inayoiwasha baruti, imevutwa na spring ndani, inasubiri triga iiachie. Lakini triga nayo ni chuma, ina uzito wake. Bastola ikitua kwa kisigino, mwili wake unasimama ghafla ila triga inaendelea kwenda nyuma, kama abiria wa daladala dereva anapokamata breki. Triga ikiwa nzito na spring yake laini, mwendo huo unatosha kuiachia pini. Sisemi kwamba ndivyo ilivyotokea kwenye yangu, maana haijafunguliwa. Nasema ndicho mlichotakiwa kukiangalia kabla ya kuandika neno uzembe.

Wala si hadithi za wazee. Mwaka 2017 huko Marekani watu walijaribu kuidondosha bastola ya Sig Sauer aina ya P320 na ikafyatuka ilipotua kwa nyuma katika pembe fulani. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuzibadilisha bila malipo, na moja ya sehemu walizobadilisha ilikuwa triga, wakaweka nyepesi zaidi. Bastola yangu si ya kampuni hiyo, lakini somo ni lilelile. Hiyo P320 nayo ilikuwa imefuzu vipimo vya kudondoshwa vya wenye viwanda wa Marekani. Kipimo chao kinachojulikana ni cha kuiangusha kutoka futi 4 juu ya mkeka wa mpira. Jimbo la California linataka idondoshwe kwenye zege tupu, kutoka mita moja na sentimita moja, ikiwa imegeuzwa namna sita tofauti. Ghala langu halina mkeka wa mpira. Naomba kujua yangu ilipimwa kwa kipi.

Mzee yule alinitajia pia bastola za zamani za Ruger, zile ambazo risasi hukaa kwenye matundu ya gurudumu linalozunguka, zilizotengenezwa tangu 1953 hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nyundo yake ililalia pini juu ya risasi, ikigongwa tu inalia, ndiyo maana wenyewe walijaza risasi tano wakaacha tundu moja tupu. Mwaka 1982 kampuni ilianza kuwawekea wateja kifaa cha usalama bure, hata kwa silaha zenye umri wa karibu miaka thelathini. Kumbe inawezekana.

Na kwenu ni rahisi kuliko kwa muuzaji yeyote wa bidhaa nyingine. Muuza majiko hajui majiko yake yako kwa nani. Ninyi sheria inawataka muandike kila bastola mliyouza, namba yake na jina la aliyeichukua. Kila aliyenunua aina hii kwenu yumo kwenye daftari moja, pengine na namba ya simu pembeni. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko fedha. Kuna mtu mahali fulani, Makambako au Tunduma, leo anainama kufungua kufuli ya duka na bastola kama yangu kiunoni, mtoto kasimama nyuma yake. Wapigieni. Waambieni watoe risasi chemba mpaka kiwanda kijibu. Ni kazi ya siku mbili kwa karani mmoja.

Bastola iko polisi kama kielelezo. Nataka mlete fundi wenu aikague mbele ya polisi na mbele ya yule mzee, na taarifa ya kiwanda nipewe kwa maandishi, si kwa simu. Nataka pia mfuko uliokuja nayo ukaguliwe, kwa sababu kibanio kile ndicho kilichoanza. Matibabu mpaka sasa yamefika shilingi 1,870,000 nikilipa mwenyewe, na kijana namlipa nusu ya posho yake akiwa nyumbani. Gharama hizo ni zenu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, nami niliwaeleza wazi kwamba ni ya kuvaa kiunoni nikiwa kazini. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 nayo inazungumzia usalama wa bidhaa na wajibu wa mtengenezaji.

Kijana anarudi kliniki Jumatatu ya tarehe 25. Nitasubiri jibu lenu mpaka tarehe 8 Septemba. Lisipofika, tarehe 9 nitapeleka jalada lote, pamoja na picha za ganda na barua yenu ya sentensi nne, Tume ya Ushindani na kwa wakili.

Mteja wenu,
Mfanyabiashara wa mpunga, Kahama

Nakala: Mkuu wa Polisi wa Wilaya