Kikachi kinafia sebuleni

Mhariri,

Mwaka 2017 Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Heshima hiyo haitafunza watoto Kikachi, lugha ya baadhi yao iliyotoka Kachi (Kutch), India. Lugha hii, ikiandikwa, hutumia herufi za Kigujarati ambazo vijana wengi hawazijui, kwa hiyo bibi akinyamaza imekwisha.

Kosa la kawaida: mzazi anauliza kwa Kikachi, mtoto anajibu kwa Kiingereza, mazungumzo yanaendelea. Rudia jibu lake kwa Kikachi, bila kukemea, kisha ngoja alitamke. Nusu saa jikoni chapati zikisukumwa yatosha kuanzia.

Na maneno kama fagio, kisu, sufuria? Msiyasahihishe. Kikachi cha huku kiliyachukua zamani kutoka Kiswahili.

Msomaji,
Mombasa